Nyani haoni kundule: mwongozo kamili wa kukagua fikra zako kabla ya kununua ardhi Uganda

Watu wengi waliouziwa ardhi hewa Wakiso, Mukono au Luweero si wajinga. Wamo walimu, wahasibu, maafisa wa jeshi waliostaafu, na akina mama waliouza vitenge Owino miaka mingi hadi wakaweza kumjua mteja kwa namna anavyoshika kitambaa. Walionyeshwa hati, wakatembezwa kwenye mipaka, wakapeana mikono na muuzaji. Kilichowaangusha mara nyingi si kukosa habari, bali jinsi akili inavyozipokea habari zenyewe. Akili hushika bei ya kwanza iliyotajwa, humwamini mtu nadhifu, na hutafuta sababu za kukubali jambo ambalo moyo umeshalikubali. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Wanasaikolojia wamezichunguza kasoro hizi kwa zaidi ya nusu karne na kuzipa majina. Hapa nitazitaja kwa Kiswahili kile tunachokisema sokoni na vikaoni. Jina likishaeleweka na wote kikaoni, mtu anaweza kusema "jamani, hapa tunafuata mkumbo" na kila mmoja akajua anaambiwa nini, bila yeyote kuona ametukanwa. Nimechagua ununuzi wa ardhi kwa kuwa kwa familia nyingi za Uganda hakuna uamuzi wa fedha unaouzidi huo, na mitego yote hukutana hapo. Lakini utaratibu huu unafaa pia ukitaka kununua pikipiki ya boda, kumchagua mweka hazina wa SACCO au kumpeleka mtoto shule ya bweni.

Hatua ya 1: Anza na macho

Chukua karatasi, kalamu na rula. Chora mistari miwili ya sentimita 8, mmoja juu na mmoja chini. Kwenye ncha mbili za mstari wa juu chora vichwa vya mshale vya kawaida, ambavyo mabawa yake yanarudi ndani. Kwenye ncha za mstari wa chini yageuze mabawa yafunguke kwenda nje. Mwite mtu wa nyumbani umuulize upi mrefu. Huenda akasema wa chini. Mpe rula apime mwenyewe. Akishahakikisha kwamba yote ni sentimita 8, mwambie aitazame tena. Mstari wa chini bado utaonekana mrefu.

Mchoro huu ulitolewa na Mjerumani Franz Müller-Lyer mwaka 1889. Uganda nayo ina sehemu katika historia yake. Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walilinganisha watu wa jamii nyingi duniani na kuchapisha matokeo mwaka 1966, na miongoni mwa waliopimwa walikuwemo watu wa Ankole na Toro. Waliodanganywa zaidi na mistari hiyo walikuwa Wamarekani wa mji wa Evanston, jimbo la Illinois. Kwa nini iwe hivyo, wataalamu wanabishana mpaka leo.

Kwa mnunuzi, jambo la kushika ni hili: kuujua ukweli hakukubadilisha kile jicho linachokiona. Kilichosaidia ni rula. Fikra nazo ziko hivyo hivyo. Ukisoma habari za mitego hii, huu mwongozo ukiwemo, hujatoka mtegoni. Emily Pronin na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu huona upotofu wa fikra kwa wenzao kuliko kwao wenyewe, na hata baada ya kuelezwa kasoro yenyewe wengi walishikilia kwamba wao wamejipima sawasawa. Wazee wetu walilijua hilo zamani waliposema nyani haoni kundule. Kwa hiyo sitakuambia "kuwa makini", maana ushauri huo haumsaidii mtu. Kila hatua inayofuata ni rula ya aina fulani: ama neno ulilolitia kwenye karatasi mapema, ama mtu uliyempa ruhusa ya kukupinga.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kuona

Nunua daftari la shule. Kabla hujampigia dalali yeyote, andika mambo matatu na utie tarehe.

La kwanza ni sababu. Unataka kujenga nyumba ya kuishi, kulima, au kuweka akiba? Andika moja. Anayetaka kulima huja kushawishiwa na kiwanja kilicho karibu na barabara ya lami, akarudi nyumbani na mahali pasipoota hata mhogo.

La pili ni kiasi cha juu kabisa, ukihesabu ndani yake mwanasheria, mpima ardhi, ushuru wa stempu na nauli. Usiwe mtu wa kudhani mambo yatakwenda vizuri. Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa siku 34, nao wakatumia karibu 56. Dawa ya kasoro hii ni kuacha kukisia kwa kuangalia mipango yako na kuwauliza watu watatu waliokwisha kununua na kujenga: ulitumia kiasi gani, na ilikuchukua muda gani?

La tatu ndilo lenye uzito, nalo ni masharti ya kuacha. Andika waziwazi ni mambo gani yakitokea hununui, hata kama kiwanja kinakuvutia namna gani. Mimi ningeanza na haya manne: nikikuta mtu mwingine anaishi au analima pale na muuzaji hajanieleza habari zake, muuzaji akikataa kunipa namba ya bloku na ploti nikafanye sachi (yaani nikakague kumbukumbu za hati katika ofisi ya ardhi), mke au mume wa muuzaji asipojitokeza, ardhi ikiwa ndani ya kinamasi.

Hayo sikuyaokota hewani. Sheria ya Ardhi ya 1998 inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Na chini ya Katiba ya 1995 vinamasi hushikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo karatasi ya mauziano haikukingi. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu kwenye kinamasi cha Lubigi, na wengi wa waliokuwa wakiishi pale walikuwa wametoa fedha zao kama mnunuzi mwingine yeyote.

Ukishaandika, piga picha ukurasa huo na umtumie mtu asiyepata chochote katika biashara hiyo. Dada yako wa Jinja anafaa. Rafiki wa dalali hafai. Mwambie hivi: "Nikianza kubadilisha masharti haya, unikumbushe."

Hatua ya 3: Bei ya kwanza inayokaa kichwani

Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulijua. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziko Afrika. Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali. Hata hivyo, kisio la katikati la kundi lililoona namba 10 lilikuwa asilimia 25, na la kundi lililoona 65 lilikuwa 45. Namba iliyokuja kwa bahati iliyavuta makisio ya watu wazima wenye akili timamu.

Sasa mtazame mama mmoja amesimama kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 nje ya mji wa Mukono, jua la saa sita limemwakia. Dalali anampangusia vumbi jiwe ili akae.

"Mama, hapa ni thelathini na tano."

"Milioni thelathini na tano? Hapana, mwanangu."

"Kwa heshima yako, thelathini na mbili. Lakini mwenyewe anasafiri kesho, na kuna Hajji mwingine anakuja saa kumi."

Wanavutana hadi milioni 29. Mama anaondoka moyo mweupe, ameokoa milioni 6. Ameokoa kutoka wapi? Kutoka kwenye namba aliyoitaja mtu mwingine. Tuseme majirani wawili waliuziwa viwanja vya ukubwa ule ule mwaka huo kwa milioni 22. Basi mama hakuokoa 6, amezidishiwa 7.

Rula ya hapa ni hesabu inayofanywa nyumbani kabla ya safari. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, na ekari moja ni futi za mraba 43,560, kwa hiyo kiwanja hicho ni takriban desimali 11 na nusu (desimali moja ni sehemu moja ya mia ya ekari). Gawa kila bei utakayosikia kwa desimali. Milioni 35 ni kama milioni 3 kwa desimali. Milioni 22 haifiki milioni 2. Waulize watu watatu wa mtaa ule ambao si madalali waliuziwa desimali kwa bei gani, uandike, kisha utoe bei yako wewe kwanza. Dalali akikutangulia na bei yake, usianze kuipunguza. Mwambie utarudi, nenda zako, ukaanze upya na namba zako.

Na yule Hajji wa saa kumi? Haraka ni chombo cha kazi cha muuzaji. Kuwe na sharti moja lisilovunjwa: siku ya kuona si siku ya kulipa. Lazima usiku mmoja upite kati yake, na siku saba ni bora zaidi. Kiwanja kitakachopotea kwa sababu ulilala usiku mmoja, kiache kipotee.

Hatua ya 4: Mng'aro, na "huyu ni mwenzetu"

Edward Thorndike alichunguza jinsi maafisa wa jeshi la Marekani walivyowapa askari wao alama, akatoa matokeo mwaka 1920. Aliyepewa alama nzuri za umbo alipewa nzuri pia za akili, uongozi na tabia, kupita kiasi kinachoweza kuwa kweli. Jambo moja zuri lilimwaga nuru yake juu ya mengine yote. Tuuite mng'aro. Katika biashara ya ardhi mng'aro ni gari safi, ofisi yenye kapeti, kanzu iliyopigwa pasi, aya za Maandiko zinazotajwa katikati ya mazungumzo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia nani ana haki juu ya ardhi. Gawa ukurasa wa daftari sehemu nne, yaani hati, mipaka, watu waliopo juu ya ardhi, na mwenendo wa muuzaji, na kila sehemu uijaze siku tofauti. Ukiweza, ya hati aijaze mtu ambaye hajawahi kuonana na muuzaji.

Mtego wa "mwenzetu" unatugusa zaidi sisi tunaozungumza Kiswahili katika nchi hii. Mtu akikuita "ndugu yangu" kwa Kiswahili fasaha katikati ya Kampala, moyo hulegea. Unajiona umefika nyumbani. Henri Tajfel na wenzake walionyesha mwaka 1971, kwa wavulana wa shule mjini Bristol, kwamba inatosha kuwagawa watu kwa jambo lisilo na maana yoyote, kama ladha yao katika michoro, na papo hapo kila mmoja anaanza kuwapendelea wa kundi lake. Kama hayo yanatosha, lugha, dini na kabila vitafanya nini?

Sisi wenyewe tumeonja upande wa pili wa mtego huu. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Kiswahili kilikuwa kinywani mwa askari, na Waganda wengi wakaja kukisikia kama lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani. Mpaka leo kuna wazee wanaomhukumu mtu kwa kumsikia tu akikisema. Tunaumia tukifanyiwa hivyo, na tuna haki ya kuumia. Basi tusijidanganye kwamba ni busara tunapomwamini dalali kwa sababu hiyo hiyo moja. Jiulize hivi na uandike jibu: maneno haya haya yangetoka kwa mtu wa lugha na dini nyingine, ningetaka uthibitisho gani? Uthibitisho huo huo umdai na mwenzetu. Akiwa mkweli, hatakuwa na la kuficha.

Hatua ya 5: Tafuta la kukufanya ukatae

Ukiwa na nafasi ya kufanya hatua moja tu kati ya zote, ifanye hii.

Peter Wason wa London aliwapa watu namba tatu, 2, 4, 6, mwaka 1960, akawaambia zinafuata kanuni fulani. Kazi yao ilikuwa kutunga namba zao tatu, kuambiwa kama zinafuata kanuni au la, mpaka waigundue. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili. Wakajaribu 8, 10, 12. Ndiyo. Wakajaribu 20, 22, 24. Ndiyo. Wakatangaza jibu kwa uhakika, na halikuwa sahihi. Kanuni ilikuwa namba zinazopanda tu. Ingetosha kujaribu 1, 2, 50 mara moja. Lakini akili hupenda kuuliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo.

Huo ni utafutaji wa upande mmoja, nao ndio unaoharibu uchunguzi wa ardhi. Mnunuzi anakwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anasema: "Mheshimiwa, ardhi hii haina matatizo, sivyo?" Mwenyekiti, ambaye katika mitaa mingi hupewa asante yake mauziano yakikamilika, anatikisa kichwa. Mnunuzi anaandika kwamba amechunguza. Hakuchunguza kitu, ameomba baraka.

Swali zuri ni lile ambalo jibu lake linaweza kukuumiza. Yageuze hivi:

– Badala ya "hii ni ya mzee fulani, ndiyo?", uliza: "Nani mwingine amewahi kusema ardhi hii ni yake?"
– Badala ya "mipaka iko sawa?", mwombe kila jirani akuonyeshe mpaka wake kwa mguu wake mwenyewe, muuzaji akiwa hayupo.
– Badala ya "hakuna mtu hapa, sivyo?", uliza: "Nani alivuna mahindi haya mwisho? Makaburi yale ni ya nani?"
– Badala ya kumuuliza muuzaji kama amelipa madeni, uliza katika ofisi ya ardhi kama hati ina rehani au pingamizi lolote.

Swali la makaburi linashangaza wengi, lakini kaburi lina ukoo, na ukoo una wadai.

Katika Buganda ongeza uangalifu. Mfumo wa mailo, ambao ardhi humilikiwa daima kwa hati, ulitokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na juu ya ardhi moja panaweza kuwa na haki mbili: mwenye hati, na mwenye kibanja. Ukinunua hati, waliomo humo kihalali hawatoki kwa sababu wewe umelipa. Sheria inamlinda hata yule aliyekaa bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Ukinunua kibanja, unapata haki ya kukaa na kutumia, hupati hati, na unahitaji ridhaa ya mwenye ardhi. Mitego ya fikra hupenda kujificha hapa, maana mnunuzi mwenye shauku akisikia "kibanja" anasikia "kiwanja", na dalali hana haraka ya kumsahihisha.

Sachi uifanye mwenyewe, au mwanasheria uliyemchagua wewe, katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayohusika. Karatasi ya sachi uliyoletewa na dalali usiihesabu. Kisha mpima aliyesajiliwa afungue mipaka, yaani atafute mawe na kuyalinganisha na ramani. Mwisho, rudi kwenye kiwanja msimu mwingine. Madalali wengi watakupeleka Januari au Julai, ardhi ikiwa kavu na ngumu chini ya kiatu. Akili huamini kwamba ilichokiona ndicho chote kilichopo. Nenda tena Aprili au Novemba, asubuhi baada ya mvua ya usiku, uangalie maji yamesimama wapi. Kama hali hairuhusu kungoja, tazama mimea: mafunjo na matete hayaoti mahali pakavu. Angalia pia kuta za nyumba za jirani. Mstari wa tope uliobaki ukutani utakuambia maji yalifika wapi mwaka uliopita, na hauna sababu ya kukudanganya.

Hatua ya 6: Kikao bila mkumbo

Familia, vikundi vya akiba na wastaafu wengi hununua pamoja. Watu wengi wanaweza kuwa ulinzi, na wanaweza kuwa hatari zaidi. Solomon Asch, kuanzia mwaka 1951, aliwaonyesha watu mistari iliyo wazi kabisa urefu wake, lakini wenzao wote chumbani walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo. Karibu theluthi moja ya majibu ya waliopimwa yalifuata uongo ule. Alipopatikana mmoja tu wa kusema kweli kabla yao, makosa yalishuka hadi robo ya yale ya awali.

Katika vikao vyetu mkubwa huongea kwanza, na akishaongea nani atampinga? Sisemi tuache heshima. Kabla ya yeyote kufungua mdomo, kila mmoja apewe kipande cha karatasi aandike: ninunue au nisinunue, kwa bei gani, na hofu yangu kubwa ni ipi. Bila majina. Karatasi zikusanywe, zichanganywe, zisomwe kwa sauti, na mzee aongee baada ya hapo. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na lile neno la mkwe mdogo aliyeona ufa ukutani limesikika.

Mteue pia mtu mmoja wa kupinga, kwa zamu. Apewe wiki moja na kazi moja tu, kuleta sababu za kutonunua. Kwa kuwa ametumwa na kikao, hatachukiwa.

Hatua ya 7: Tuseme imeshaharibika

Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza mbinu hii mwaka 2007, na haigharimu zaidi ya nusu saa. Kaeni chini mseme: leo ni miaka miwili mbele, tulinunua, na fedha zote zimepotea. Kila mmoja aandike kwa dakika tano ni nini kilitokea. Kumbuka neno lenyewe ni "kilitokea" na si "kinaweza kutokea". Mtu akiulizwa kuna hatari gani atasema hakuna. Akiambiwa msiba umeshafika aeleze chanzo, atakuletea ndugu wa muuzaji aliyerudi kutoka Juba, hati iliyowekwa rehani benki, na barabara iliyopanuliwa. Kila chanzo kilichotajwa mara mbili au zaidi, mtu mmoja apewe jukumu la kukifuatilia kabla ya malipo.

Hatua ya 8: Ukishatoa rubuni

Tuseme kati ya zile milioni 29 umeshatoa rubuni ya milioni 5. Wiki mbili baadaye jirani anakuambia kuna kesi. Hapo mtu hujisikia kusema: siwezi kuacha, fedha yangu iko ndani. Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha mwaka 1985 kwamba watu waliolipia tiketi za maonyesho bei kamili waliendelea kuhudhuria zaidi ya waliopata punguzo, ingawa fedha ilikuwa imeshatoka kwa wote. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini akili inataka kuyazoa kwa kumwaga mengine.

Andika swali hili kwenye daftari: kama nisingetoa hata shilingi moja, kwa haya ninayoyajua leo, ningenunua? Jibu likiwa hapana, milioni 5 zimekwenda na milioni 24 zimepona. Dai rubuni yako kwa mujibu wa makubaliano. Lakini kuidai ni jambo moja na kununua ni jingine. Ili hatua hii isiwe chungu, mkataba wa rubuni uandikwe na mwanasheria ukisema wazi ni katika hali zipi fedha inarudishwa, na rubuni iwe ndogo kadiri muuzaji atakavyokubali.

Hatua ya 9: Daftari lisichomwe

Mambo yakiisha, mabaya au mazuri, utasikia "nilijua tu". Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba watu wakisie yatakayotokea katika safari za Rais Nixon kwenda China na Urusi mwaka 1972, kisha baadaye wakawaomba wakumbuke walikisia nini. Mambo yaliyokuwa yametokea, watu walikumbuka kwamba waliyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyokuwa wameandika. Kumbukumbu hujipendelea.

Kwa hiyo siku ya uamuzi andika ukurasa wa mwisho: nimeamua nini, kwa sababu zipi tatu, na nina uhakika wa asilimia ngapi kwamba baada ya mwaka mmoja hakuna atakayeidai ardhi hii. Namba hiyo usiifute. Baada ya mwaka mmoja lifungue daftari na mtu yule yule uliyemtumia picha ya ukurasa wa kwanza. Angalieni ni sababu ipi ilikuwa ya kweli na ipi ulijiambia tu, ni swali gani kati ya yale ya hatua ya 5 lilileta habari ambayo hukuwa nayo, na kama uhakika wako wa asilimia 90 ulistahili kuwa 60. Kisha mkopeshe daftari hilo ndugu anayefuata kununua.